Mke wa Kwenye Bango

Kabla sijajua kusoma nilijua kwamba baba yangu yuko kwenye bango la dukani. Duka lilikuwa mtaa wa pili kutoka kwetu, Temeke, na bango lilikuwa la bati, limepigiliwa misumari ukutani karibu na dirisha la kuuzia. Pichani mwanamke kijana ameketi mbele ya kioo cha meza, amevaa gauni lenye kola pana, uso wake mweupe kuliko wa mtu yeyote aliyepita mtaani kwetu. Nyuma yake amesimama mwanamume mwenye koti na tai, ameinama kidogo, anamtazama. Huyo ndiye baba. Chini yao kulikuwa na maneno ambayo baadaye niliyasoma mwenyewe, silabi kwa silabi: "Akirudi jioni, aone nini? Krimu ya uso kwa mke anayejali nyumba yake."

Mwanamke yule hakuwa mama.

Baba hakupenda kulieleza jambo hilo, ila vipande vipande nililipata. Alikuwa karani bandarini, kijana aliyetoka Njombe, hajaoa. Alikwenda studio moja ya Kariakoo kupiga picha ndogo ya kitambulisho. Mpiga picha akamtazama, akamwuliza kama ana koti. Kulikuwa na watu wa krimu waliotaka mwanamume anayeonekana kama mume wa ofisini. Baba hakuwa na koti, akaazima kwa mwenzake wa kazini, akarudi. Mwanamke alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja ya mjini, binti wa Magomeni. Walisimamishwa chini ya taa mchana mmoja, wakaachana mlangoni. Picha ikatoka magazetini, ikatoka kwenye kalenda, mwisho ikachapwa kwenye mabati na kusambazwa madukani. Matangazo ya magazetini hupita. Bati linakaa. Nilipoanza kwenda kununua chumvi lilikuwa limeshaota kutu pembeni, lakini nyuso zilikuwa nzima.

Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alipita mbele ya bango lile kila siku ya kazi. Majirani walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema yule ni mke wa kwanza aliyeachwa, wengine wakasema hajaachwa, ametunzwa mahali. Jirani mmoja alimwambia mama bombani, mbele ya watu, kwamba angejitengenezatengeneza kidogo kwa sababu mwenzake bado anamtazama kutoka ukutani. Mama akasubiri ndoo ijae, akajitwika, akasema vipindi vyake vinaanza mapema. Shuleni wenzangu waliniuliza habari za mama yangu mweupe. Niliwajibu kwamba anakaa dukani. Niliona ni jibu sahihi.

Jambo ambalo mtaa haukulijua ni kwamba nyumbani kwetu aliyepaka krimu alikuwa baba.

Asubuhi, akishaoga, alisimama mbele ya kioo cha kabati akiwa na singlendi na taulo, akafungua kopo, akachota kwa vidole viwili. Alianza na paji la uso, akashuka mashavuni, kisha shingoni, polepole, akivuta ngozi kwenda juu. Hakuzungumza akiwa kwenye kazi hiyo. Akimaliza alifunga kopo kwa kitambaa na kulirudisha nyuma ya mashati. Mama wakati huo alikuwa amesimama mlangoni, mguu mmoja juu ya kigoda, anajipaka mafuta ya nazi miguuni na mikononi, na yaliyobaki viganjani anayapitisha usoni. Alimaliza kabla chai haijachemka. Baba alipaka krimu ile miaka yote na hakubadilika rangi hata kidogo. Alikuwa mweusi alipoanza na mweusi alipomaliza, ila ngozi yake ilikuwa laini kuliko ya mama, na ilibaki hivyo.

Asingeweza kuinunua mwenyewe. Mwanamume kusimama dirishani, chini ya picha yake mwenyewe, na kuomba krimu ya akina mama, hilo lisingewezekana Temeke ile, na sina hakika kama lingewezekana leo. Kwa hiyo alinunua mama. Kwenye ile miaka bidhaa zilipoadimika, watu wakawa wanapanga foleni ya sukari na sabuni, mwenye duka alimfichia mama kopo moja chini ya meza kila mzigo ulipofika. Nilikuwa naye siku moja alipomkabidhi.

"Nimekuwekea, mwalimu," alisema, "ili mzee asije akaangalia pembeni."

Mama akasema ahsante, akalitia kopo kwenye kapu, chini ya mchicha. Njiani nilimwuliza kwa nini hakumwambia kwamba ni la baba. Akasema mwenye duka hakuuliza ni la nani.

Siku hizi mimi naandika matangazo. Ndiyo kazi niliyoangukia baada ya kufundisha kidogo na kuchoka. Ofisi yetu iko Kinondoni, ghorofa ya juu ya duka la mapazia. Nimeandikia sabuni, mafuta ya nywele, losheni, dawa za mbu. Mtu akifanya kazi hii muda wa kutosha anajua mpangilio bila kufundishwa. Bidhaa ya ngozi ikiwa ya mwanamke, mwanamke anakuwa na kioo, au anakuwa na mtu anayemtazama, au vyote viwili. Ikiwa ya mwanamume, chupa inakuwa nyeusi, na mwanamume anakuwa na gari, au mpira, au wanaume wenzake. Kioo hapewi. Akipewa ni cha pembeni ya gari. Sikuwahi kuona mtu akipanga iwe hivyo. Kila mmoja wetu alikuta iko hivyo, akaendelea.

Miaka michache iliyopita mteja mmoja mwenye losheni alitaka tangazo lenye sura ya zamani. Vijana wa ofisini walikusanya magazeti ya kale na kuyatandaza mezani ili tuone herufi na rangi. Waliyasoma kwa sauti na kucheka. Kulikuwa na mke anayeonywa kwamba mikono yake migumu itamkimbiza mume, kulikuwa na msichana aliyepata mchumba wiki aliyoanza kutumia poda fulani. Kisha mmoja akafunua ukurasa, na pale alikuwepo baba. Nikasema huyu ni baba yangu. Wakaniangalia, wakaiangalia picha. Dada mmoja wa upande wa michoro akasema, kwa heshima kabisa, kwamba nimefanana sana na mama.

Niliipiga picha kwa simu nikaenda nayo Kinyerezi, ambako wazazi walikuwa wamejenga na kuhamia baada ya kustaafu. Baba alikuwa barazani. Alivaa miwani, akaitazama kwa muda, akasema koti lile lilimbana makwapani. Nikamwuliza yule mwanamke alikuwa mtu wa namna gani.

"Alikuwa na haraka," alisema. "Alitaka kuwahi kurudi ofisini."

Nikauliza kama waliwahi kuonana tena. Baba akamtazama mama, aliyekuwa anachagua choroko kwenye ungo. Mama akaniambia nimletee baba dawa yake ya presha, muda umefika. Nikaileta. Tulipokaa tena mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwenye bomba la maji la jirani.

Baba alifariki mwaka uliofuata. Alilala mchana na hakuamka. Nilipotoa taarifa mtandaoni niliweka picha mbili, moja ya uzeeni, na nyingine ile ya gazetini, kwa sababu ndiyo pekee ya ujanani aliyotoka vizuri. Sikuandika maelezo yoyote juu ya mwanamke aliye mbele yake. Ndugu waliokuwa wakitoa pole kule walimpa pole yeye pia.

Siku ya pili ya msiba, turubai limeshafungwa na wanaume wako nje kwenye viti, aliingia mama mmoja mtu mzima, amevaa baibui jeusi, ameshikwa mkono na mwanamke wa rika langu aliyekuwa mkwewe. Alitembea taratibu, akatoa pole kwa kila aliyemkuta, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango. Sie wa ndani ya familia hatukumfahamu. Aliyemtambua ni shangazi, dada yake baba, aliyekuwa ameteremka kutoka Njombe usiku uliopita na ambaye kalenda ile ilikaa ukutani kwake kwa miaka. Alinivuta mpaka nyuma ya nyumba, kwenye masufuria.

"Huyo ndiye," aliniambia. "Mke wa kwenye picha."

Nilimweleza kwamba ilikuwa picha ya tangazo. Shangazi akasema anajua ni tangazo, ila mtu haji msibani kwa sababu ya tangazo. Alikuwa ameshawaita wazee wawili wa ukoo. Hoja yake ilikuwa ya utaratibu tu, na aliisema bila hasira: kama kuna mtoto, ajulikane kabla ya maziko, akae anapostahili kukaa siku ya kuaga, yasije yakazuka maneno baadaye. Wazee wakaona ana haki. Nikatumwa nimweleze mama.

Mama alikuwa chumba cha ndani, kwenye godoro lililowekwa chini, amezungukwa na akina mama wa kanisani. Niliinama nikamnong'oneza. Hakuonyesha kushtuka. Aliuliza mgeni amekuja na nani, nikasema na mkwewe. Aliuliza kama ameketi mahali pazuri, nikasema mlangoni.

"Mlete akae hapa," alisema, akasogea kumpisha.

Nilimleta. Akina mama wa kanisani wakajibana. Mgeni alijishusha godoroni kwa shida ya magoti, mama akamshika kiwiko mpaka akakaa. Kisha mgeni akasema, "Pole, mwenzangu. Nimechelewa kujua."

"Hukuchelewa," mama alisema. "Tunazika kesho."

Shangazi alikuwa ameshafika mlangoni pamoja na mzee mmoja. Alisalimia, akaanza kwa maneno ya kuzunguka, kwamba familia ni kubwa na marehemu alikuwa mtu wa watu, na wageni wote ni wa kheri. Mama alimsikiliza mpaka akaishiwa. Kisha akasema jambo ambalo mimi, kwa umri wangu wote ule, nilikuwa sijalisikia.

"Wifi, huyu nilimjua kabla sijakujua wewe. Mie na kaka yako tulikwenda kwao Magomeni, tukakaa mbele ya baba yake. Hana mtoto hapa. Mwache apumzike."

Shangazi akatazama chini. Mzee akakohoa, akasema basi, yamekwisha, akarudi nje kwa wenzake. Yaliyobaki niliyapata mchana ule ule pale godoroni, kwa sababu akina mama wa kanisani hawakuwa tayari kuondoka bila kuelezwa, na mgeni hakuona sababu ya kuficha.

Alipopigwa picha ile alikuwa ameposwa. Mchumba wake alikuwa fundi umeme, mtu wa pwani kama yeye, na tarehe ya nikaha ilikuwa inazungumzwa. Aliichukulia ile picha kama kibarua cha mchana mmoja na hakuona haja ya kumwambia mtu. Kisha ikatoka gazetini, halafu kwenye kalenda, na kalenda moja ikafika nyumbani kwa mama mkwe mtarajiwa. Pale ikasomwa kama ilivyoandikwa: mke, mume, nyumba. Wakwe wakatuma watu kuuliza mume huyu ni nani. Baba yake akasema ni picha. Wakajibu kwamba picha haimkuti mtu chumbani, amepakwa poda, huku mwanamume mgeni kasimama mgongoni kwake.

Alikwenda studio kumtafuta mpiga picha aje aseme ukweli. Mpiga picha akasema yeye hagombanishi wateja. Ila alimpa jina la idara ya baba bandarini. Akamngojea getini saa za kutoka kazini, akamweleza. Baba wakati huo alikuwa ameshamposa mama, na jioni hiyo hiyo alikwenda kumweleza na yeye. Ni mama aliyesema waende wote wawili. Alisema mwanamume akienda peke yake atakuwa amethibitisha.

Wakaenda, Jumapili, baada ya ibada. Mgeni alikumbuka kwamba mama alivaa sketi ya bluu na viatu vya kufunika. Baba yake yule binti aliwaita na watu wa upande wa mchumba wakaja, wakakaa barazani. Baba yangu akaeleza koti, taa, kopo. Hawakuamini sana. Kisha mama akaomba ruhusa ya kuzungumza, akasema mbele yao kwamba mwanamume huyu ni wake, wanaoana mwezi unaofuata, na kama kuna mke mwingine angekuwa wa kwanza kuja kugombana, siyo kuja kusalimia. Baadhi yao wakacheka. Mgeni alidhani yameisha.

Hayakuisha. Wakwe walirudisha jibu la adabu kwamba wanamwamini binti, lakini picha imeshaenea, kila duka watakalopita mtoto wao atakuwa anamwona mkewe na mume mwingine. Mchumba akaoa kwingine. Yeye akaendelea na kupiga chapa, akapanda akawa katibu muhtasi, na miaka kadhaa baadaye akaolewa na mwanamume mmoja aliyefiwa na mkewe, mtu mpole, mwalimu wa madrasa, aliyekuwa ameiona kalenda na kumwambia tu kwamba kioo kile kilikuwa kizuri. Walijenga Boko. Alizaa watoto watatu. Mumewe alikuwa ameshatangulia.

"Kwa hiyo sikukosa," alisema, bila kutilia mkazo.

Mmoja wa akina mama alimwuliza mama kwa nini miaka yote ile Temeke hakuwaambia majirani. Mama alifikiri kidogo. Alisema hakuna aliyemwuliza, walikuwa wanamwambia. Angeulizwa angejibu. Na kwamba angeanza kujieleza yeye, wangemdai maelezo na yule mwenzake, na yule mwenzake alikuwa ameshajieleza vya kutosha.

Tulizika siku iliyofuata. Mgeni alikuwepo, alisimama na akina mama, shangazi akiwa amemshika mkono kwa ajili ya magoti yake. Jioni nilimrudisha Boko kwa gari langu, mkwewe nyuma. Foleni ya barabara ya Bagamoyo ilikuwa ndefu na alizungumza karibu njia yote, zaidi ya mtu yeyote aliyewahi kunieleza juu ya picha ile. Alisema fremu ya kioo haikuwa na kioo. Mpiga picha alikitoa kwa sababu kilikuwa kinarudisha mwanga wa taa. Alikuwa ameketi anatazama ukuta, ameambiwa atabasamu kana kwamba ameridhika. Alisema alipakwa poda usoni na shingoni, siyo mikononi, kwa hiyo mikono akaambiwa aiweke mapajani isionekane, na weupe mwingine uliongezwa kwa brashi baadaye. Alipoiona kalenda alijitambua kwa kola. Aliahidiwa kupewa kopo moja la krimu zaidi ya malipo.

"Baba yako alipewa alishike ili lionekane vizuri," alisema. "Mwisho hawakulitumia. Akaondoka nalo. Sikumdai. Alikuwa analinusa."

Niliendesha. Nilimwambia baba alitumia krimu ile mpaka ilipoacha kutengenezwa, akahamia nyingine. Hakushangaa. Aliuliza kama ilimkubali ngozi. Nikasema ilimkubali sana. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepewa taarifa ya ndugu wa mbali.

Lile tangazo la losheni lenye sura ya zamani mteja alikuwa ameliahirisha, na tulikuwa hatujalimaliza. Niliporudi kazini baada ya msiba nilipeleka pendekezo: mwanamume ameketi mbele ya kioo, anajipaka mwenyewe, mkewe yuko nyuma anatafuta funguo. Mteja alisema ni zuri na la kuchekesha, ila ataonekana kama mgonjwa. Akaomba mwanamume asimame na mwanamke aketi. Bosi wangu alisema tumpe anachotaka, na tulimpa. Mimi ndiye niliyeandika maneno. Lilirushwa msimu mzima. Mwanamke aliyepigwa picha ile ni mwanafunzi wa chuo. Kabla hajasaini nilimwita pembeni nikamwuliza kama nyumbani kwao wanajua. Akacheka, akaniambia dada, siku hizi hiyo siyo ishu, mchumba wake ndiye aliyemleta na yuko chini anasubiri kwenye pikipiki. Nikamwacha asaini.

Mama na yule bibi wa Boko wanapigiana simu. Krismasi yeye huja Kinyerezi, Idi mama huenda kule, na dereva ni mimi. Sijawahi kuwasikia wakizungumzia bango wala krimu wala baba, isipokuwa kwa kupita. Wanazungumzia magoti, wajukuu, na dawa ipi inachoma tumbo. Idi iliyopita nilisimama na funguo mkononi nikisema tuondoke kabla foleni haijashika, na mama akasema nikae, wali wa pili bado haujapakuliwa. Bibi yule akamwambia mkwewe aniletee kiti. Nikakaa.